Ng'ombe wa Andongwisye na Neno la Kiingereza

Dar es Salaam
3 Februari 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe naye mzima, na migomba haijalazwa na upepo. Mimi sijambo, ila joto la huku linanikumbusha kila siku lile sweta la kijani ulilonifumia, ambalo nilikuwa nalalamika kwamba linawasha

Nimekupigia simu hadi nimechoka. Inaita, inaita, mwisho inakata. Mama anasema alikuona sokoni Tukuyu ukichagua viazi na kugombana na muuzaji, kwa hiyo najua uko imara. Basi nimeona niandike. Barua naituma kwa basi hadi dukani kwa Mama, nawe uichukue ukipita.

Nina shida ya kazi. Unajua tunaandaa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule, na mimi nimepewa herufi K. Nilifurahi nikidhani ni herufi fupi. Sasa nimekwama kwenye neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua: keep. Mkuu wetu wa kazi, Jackson, ameniambia niandike "tunza, weka, hifadhi" nisonge mbele. Nimekataa. Mtu anayefuga kuku, Mwingereza anamtajia neno hilo hilo. Anayeshika ahadi, hilo hilo. Anayemwambia muuza duka abaki na chenji, hilo hilo. Hata aliyechelewa, akiulizwa kilichomchelewesha ni nini, anaulizwa kwa neno hilo hilo! Jackson amesema kama nataka ukurasa mzima kwa neno moja, nimletee mifano ya watu wanaoishi, si ya kunakili vitabuni.

Ndiyo maana nimekukimbilia wewe. Nakukumbuka ukiwa umesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, ukituambia, "Msiniletee maana. Nileteeni sentensi." Nimepita kwa walimu wengi baada yako, wengine wana majoho marefu kuliko wao wenyewe, na sijaona wa kukufikia.

Niletee sentensi, Mwalimu.

Mwanao,
Ikram

*

Lufingo
18 Februari 2024

Mwanangu Ikram,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Umesahau nukta mwishoni mwa aya ya kwanza. Nimekusamehe kwa sababu ya joto.

Simu usinipigie. Mtandao wa huku siku hizi haueleweki, na mimi sina umri wa kupanda kilimani nikitafuta mtandao. Barua ni nzuri, inasubiri mtu amalize kukamua.

Mwambie huyo Jackson wako kwamba amekosea, tena umwambie ni mimi niliyesema. Tuanze na bandani. Unamkumbuka Pendo, ng'ombe niliyekuandikia habari zake mwaka juzi? Mimi ninamfuga, lakini si wangu. Ni wa Andongwisye wa kule Kyimo. Wewe umekulia huku, unajua: mtu mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote banda moja. Humwekea rafiki huyu mmoja, na rafiki yule mwingine, ili ugonjwa ukiingia usimalize wote, na zaidi ya hapo ili awe na nyumba ya kutembelea. Maziwa nakunywa mimi. Ndama ni wake, mpaka siku atakayosema huyu sasa ni wako. Andongwisye akija kumwona ng'ombe wake haji mikono mitupu, na haji kumkagua kama polisi. Anakaa, anakunywa chai, anauliza habari zangu kwanza. Ng'ombe anamuulizia wakati wa kuaga, kama vile amemkumbuka ghafla.

Sasa mwandikie Jackson: Esnath anakaa na ng'ombe wa rafiki yake. Mwingereza ataweka neno lake hapo na kuendelea na safari. Sisi hatuwezi kusema "namiliki", na tukisema "natunza" tu, tumepunguza. Kuna urafiki ndani yake.

Maziwa nayo: huku Lufingo, kwa baridi hii, yanakaa hadi kesho yake bila kuharibika, kwenu huko hayafiki jioni. Ni neno hilo hilo, kuhusu kitu kubaki kizuri. Na siri: kuna jirani yangu, simtaji, ukimwambia jambo asubuhi, mchana linauzwa sokoni Tukuyu pamoja na parachichi. Huyo mwandikie sentensi ya kukanusha.

Nyingine nitakuletea. Habari za hapa ni njema. Chai imechipua, magoti yananisumbua, kwaya imepata mwalimu mpya anayerusha mikono kama anafukuza nyuki. Mvua ya mwaka huu imekuwa na adabu sana; inanyesha usiku kucha, na asubuhi ndipo naona matope.

Fred mwanangu anataka kunihamishia Dar. Amekwisha andaa chumba. Anasema atakuja Pasaka anichukue, nyumba aifunge, shamba apewe mtu. Mimi nimemwambia ni afadhali anizike hapa hapa, nikiwa hai au nikiwa nimekufa, atachagua mwenyewe. Usimpigie kumbembeleza, nisije nikaonekana nimekutuma.

Mwalimu wako,
Esnath

*

Dar es Salaam
2 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Sentensi zako nimezisoma kwa sauti ofisini. Jackson aliomba nirudie ile ya ng'ombe. Amesema ukurasa mzima nitaupata, mradi niendelee kumletea. Kuna binti wa herufi M ambaye ameniuliza kama unaweza kumsaidia na yeye. Nimemwambia atafute wa kwake.

Sasa nami nina sentensi. Mama yangu alipofiwa na Baba, alianza kufuata vitenge Kyela na ng'ambo ya mpaka, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Aliniacha kwako. Wewe ni Mmoraviani, unaimba sauti ya pili kanisani tangu kabla sijazaliwa. Ulipoambiwa na watu wa kanisani kwamba sasa umepata kondoo, uliwajibu kwamba umewekewa mtoto, na mtoto wa kuwekewa habadilishwi alama, kama ng'ombe asivyobadilishwa. Sufuria yangu uliinunua mpya. Ramadhani ulikuwa unaniamsha kula daku, uji wa ulezi na ndizi za kuchemsha, na wewe mwenyewe unakaa pale mezani ukisinzia ili nisile peke yangu. Jioni unafungua redio, unakaa umeikodolea macho, na ikitangazwa magharibi unaniita, "Ikram! Wakati!" kwa sauti ya kengele ya shule. Mama alipokuja kunichukua baada ya kidato cha nne, alinikuta ninaswali vizuri kuliko nilivyoondoka kwake. Alilia. Hujui kama alilia, kwa sababu alilia ndani ya gari.

Nimeona watu wengi wakilea watoto wa wenzao. Sijaona mwingine aliyemlea mtoto wa mwenzake akambakiza kuwa wa mwenzake. Nakuheshimu kwa hilo kuliko kwa Kiingereza chote ulichonifundisha.

Kwa hiyo naomba nikuulize kwa heshima hiyo hiyo. Mwalimu, mvua ya Lufingo haijawahi kuwa na adabu. Juu ya bati lile, mvua ikianza, tulikuwa hatusikilizani hata tukipiga kelele. Ulikuwa unachukua karatasi unaniandikia, "Leta chumvi," nami nakujibu chini yake, "Imeisha." Tulikuwa tunaandikiana pale mezani mpaka mvua ikatike. Hiyo mvua inanyeshaje usiku kucha wewe usijue?

Mama amekiri kwamba siku ile sokoni alikuita kwa nyuma mara nyingi, na hukugeuka. Alidhani una haraka.

Niambie kweli.

Ikram

*

Lufingo
17 Machi 2024

Ikram,

Ramadhani njema. Najua umefunga, kwa hiyo sitakugombeza sana.

Sisikii. Basi, nimeandika. Sikio la kushoto lilianza kama mchezo, miaka imepita, na la kulia likafuata mwaka jana. Nasikia vitu vizito tu: lori, ngoma kubwa, na Pendo akiwa amebanwa na njaa karibu yangu. Kanisani naangalia mikono ya yule mfukuza nyuki ndipo najua tumefika wapi. Watu wakisema nami naangalia midomo, na nisipoambulia kitu naitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa kunamfurahisha kila mtu.

Fred anajua. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa hapa likizo, bodaboda ikanipitia karibu hivi hadi khanga ikavutwa. Ilikuwa imepiga honi tangu juu kwenye kona. Fred alikaa chini barabarani, mtu mzima mwenye suti, akashika kichwa. Tangu siku hiyo hataki kusikia lolote. Ni mwanangu, ananipenda, na ana haki ya kuogopa.

Lakini mimi, Ikram, kule Dar nitafanya nini? Hapa nikiwa sisikii, najua. Najua saa kwa mwanga ulivyokaa juu ya mlima. Najua nani amepita kwa kuangalia nyayo kwenye matope. Kwake nitakuwa kiziwi aliyekaa kwenye kochi, anayeletewa chakula, anayeoneshwa kwa wageni. Chumba alichonipa kina kiyoyozi na televisheni ya ukuta mzima. Mtoto mzuri. Nitakufa humo kwa uchungu na heshima zote.

Sikukuficha wewe kwa sababu sikuamini. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa ananiandikia kama mtu anayesikia.

Kuhusu mama yako, nilijua analia. Gari lilikuwa na vioo.

Sentensi ya leo: kuna kazi ya kumzuia mtu asiende, na kuna kazi ya kumshika mtu asianguke. Mwingereza anazo zote mbili ndani ya neno lako, na ni vizuri Jackson azitenganishe, kwa sababu wanangu wanazichanganya.

Fred anafika Ijumaa Kuu. Niombee, kwa upande wako.

Esnath

*

Kwa baruapepe
6 Aprili 2024

Ikram mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nimerudi Dar jana. Nimerudi peke yangu. Nadhani ulikwisha kuambiwa, lakini ngoja uambiwe na mhusika.

Nilifika Lufingo nikiwa nimepanga kila kitu. Nilimweleza Mama mambo yote tukiwa jikoni: nyumba atakaa nayo fulani, shamba la chai atavuna fulani, ng'ombe nampa Nsajigwa, mtoto wa shangazi aliyeko Kyimo, kama shukrani kwa namna alivyotusaidia kwenye msiba wa Baba. Mama aliitikia kwa kichwa kila nilichosema. Nikafurahi sana. Nilidhani ameelewa, kumbe alikuwa ananifurahisha.

Jumamosi asubuhi Nsajigwa akaja na kamba. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, amelipa banda mgongo. Ng'ombe alilia wakati anatolewa, akalia tena getini, na Mama hakugeuza hata shingo. Ikram, nilisimama pale naangalia mgongo wake, na nilishindwa kujizuia, nilitoa machozi. Nikasema moyoni, leo leo tunaondoka.

Nsajigwa akaondoka na ng'ombe hadi Kyimo. Njia ya kwake inapita mbele ya nyumba ya mzee mmoja anaitwa Andongwisye. Mzee alikuwa amekaa nje anachambua maharage. Akainua macho, akamwona ng'ombe wake anatembea barabarani na kijana ambaye hakumwekea. Nsajigwa anasema mzee alimsalimia ng'ombe kwanza, kwa jina, ndipo akamsalimia yeye.

Mimi nimezaliwa Lufingo. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kwenye nyumba za watu hadi Kiwira. Lakini nimekaa mjini mpaka nikiona ng'ombe bandani kwa mtu najua ni wa mtu huyo, kama gari. Nilimgawa ng'ombe wa mwenyewe.

Siku ya Pasaka mzee akaja na ng'ombe wake kwa mguu, na mkungu wa ndizi begani. Yeye aliyekosewa ndiye aliyebeba ndizi! Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kinyakyusa, pole pole ili nimwelewe. Alisema hakumweka ng'ombe kwa sababu hana pa kumfunga. Alimweka hapa ili awe na sababu ya kuja. Akasema, ukimchukua mama yako, mimi nitakuja kwa nani? Kisha akanishukuru, "Ndaga fijo," akanywa chai yake yote, akaondoka. Sikuweza kumwambia apande gari.

Lakini bodaboda bado zinapita pale, Ikram. Nalala naziota. Wewe anakuheshimu. Zungumza naye akubali kuja.

Kaka yako,
Fred

*

Dar es Salaam
12 Aprili 2024

Kaka Fred,

Shikamoo. Asante kwa salamu za Idi, japokuwa hukuzituma.

Sitazungumza naye akubali kuja. Nina ombi jingine, nalo naliomba kwa utaratibu wa kwenu, ambao na mimi nimekulia ndani yake.

Niwekee mama yako.

Usicheke. Mama ni wako, sikunyang'anyi. Mwenye mali ni wewe. Lakini mtu mwenye akili haweki kila kitu chake banda moja, na banda lako la Dar, lenye kiyoyozi, halimfai huyu. Mimi nimeomba ofisini niendelee na kamusi nikiwa nyumbani. Kazi yenyewe ni ya kompyuta, na kila Ijumaa nitakuwa Tukuyu mjini kwa mama yangu, nitatuma kurasa kutoka huko. Jackson amekubali haraka mno, nadhani anatamani sentensi zaidi. Nitalala chumba changu cha zamani. Barabarani tutatembea mimi nikiwa upande wa magari.

Masharti unayajua. Wewe ndiye utakayempeleka kwa daktari wa masikio Mbeya, kwa kuwa ni haki ya mwenye mali. Ukija kumwona usije mikono mitupu, na usije kukagua. Kaa, kunywa chai, uliza habari zangu kwanza. Maziwa ni yangu: kusahihishwa, kugombezwa, kufundishwa. Nimeyanywa tangu utotoni na bado nayataka.

Usidhani namfanyia hisani. Yeye alipowekewa mtoto, hakuna aliyemwona akihesabu. Nami sitaki kufika uzeeni nikijua kwamba nilikuwa na nafasi ya kukaa na mtu wa namna ile nikaipitisha.

Mwalimu nimemwandikia kabla yako, maana akisikia namlinganisha na ng'ombe kupitia kwa mtu mwingine atanichapa. Amejibu kwa mstari mmoja: amekubali, mradi kila ukurasa upite mbele ya kalamu yake nyekundu kabla haujamfikia Jackson.

Ikram

*

Kwa baruapepe
13 Aprili 2024

Ikram,

Nimesoma. Nimesoma tena nikiwa na mke wangu. Amesema nikikataa nitaishi na mawazo yangu peke yangu.

Nimemweka kwako. Bodaboda, tafadhali, ziangalie.

Fred

*

Lufingo
26 Mei 2024

Mwanangu Fred,

Nimepokea blanketi. Ni zito na zuri. Umekuja kwa mkono wa basi, lakini nitahesabu kwamba umekuja.

Kifaa cha sikio ulichonipeleka kuchukua Mbeya nakivaa kanisani na sokoni. Kinanisaidia kidogo, kinaleta kelele za watu wote kwa pamoja, kama ng'ombe wamefunguliwa. Nyumbani nakivua. Nyumbani Ikram ananiandikia. Tuna karatasi pale mezani, kama zamani mvua ilipokuwa inapiga bati, na tunajibizana hapo tangu asubuhi: chumvi, maji, Jackson, "kuna mgeni mlangoni". Nimemwandikia kwamba kwa hiyo sasa mvua inanyesha kila siku. Alisoma, akainuka akaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu.

Mvua ya kweli ikianza ananishika mkono ananiweka kiganja kwenye ukuta wa mbao wa stoo, pale bati linapogusa. Naisikia kwa kiganja. Ikram anaacha kazi, anaweka na chake karibu na changu. Sikujua kama mtoto anaweza kukumbuka tangu utotoni kwamba ukuta ule hutetemeka kwa mvua.

Unajua nilikuwa namsifia kwa watu kwa sababu ya akili. Sasa namsifu kwa mengine. Anaamka kabla yangu. Anakamua vibaya sana na hakati tamaa. Jumapili ananisindikiza hadi mlango wa kanisa, anakaa nje kwenye ngazi na kompyuta yake mpaka nitoke, kisha tunarudi, yeye upande wa magari. Wanawake wa kwaya wamemzoea, wanamletea mahindi ya kuchoma. Siku ya kwanza mmoja alimuuliza kwa nini asiingie tu. Akamjibu, "Nimewekewa mama, na mwenye kuwekewa naye habadilishwi alama." Nimeambiwa maneno hayo na watu wengi, kwa hiyo nayaamini.

Ukurasa wao umekwisha. Ni mrefu kuliko maneno mengine yote ya herufi yao, na Jackson ameuacha wote. Niliusahihisha mahali pachache tu. Mwishoni kabisa, chini ya maana nyingine zote, Ikram ameandika sentensi ya mwalimu mmoja aliyekaa na mtoto wa rafiki yake, akamrudisha akiwa wa rafiki yake. Hakuweka jina. Kalamu nyekundu niliishika muda mrefu juu ya mstari huo, nikaona hauna kosa.

Juzi Andongwisye alikuja. Alileta viazi. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari zangu, za Ikram, za kwako, na za kamusi, ambayo yeye anaiita "lile shamba la maneno". Alipokuwa anaaga, akiwa amekwisha shika fimbo, ndipo akauliza kama Pendo anaweza kukaa kwangu mwaka mwingine. Nikaweka mkono sikioni, nikamwambia sijamsikia, aseme tena. Akasema tena, kwa sauti. Nikatikisa kichwa. Akasema mara ya tatu, akipiga kelele hadi Ikram akatoka nje kuangalia kuna nini.

Nilikuwa nimemwelewa mara ya kwanza, Fred, midomoni mwake kabisa. Nilitaka tu aniulize tena.

Mama yako,
Esnath